Diski Iliyopitia Mikono Mingi

Jumanne moja ya mwaka huu wa 1998, Joan alikwenda shule peke yake kwa mara ya kwanza. Siku nyingine zote walitoka pamoja, yeye na Anti Kageha, wakipita vichochoro vya mtaa wao wa Lindi na kuruka mitaro mpaka karibu na mtaa wa Olympic. Hapo Joan alikata kuelekea shuleni, naye Anti Kageha akaendelea kwa miguu mpaka Kawangware, alikokuwa akipiga taipu katika ofisi ndogo ya bibi mmoja mzee, Shosho Wakarima. Anti Kageha ndiye aliyemlea Joan tangu mama yake alipofariki. Asubuhi hiyo alibaki amekaa kitandani, sketi yake ya kazi imekunjwa juu ya sanduku.

"Anti, leo huendi kazini?"

"Sina kazi, Joan. Shosho alinitoa jana. Kunywa chai, utachelewa."

"Ulifanya nini?"

"Kompyuta imeharibika. Fundi amesema kuna mtu aliyeingiza diski ya nje. Na ufunguo wa ofisi tunao mimi na Shosho tu. Nilikana, lakini ningejitetea vipi?"

Joan alimjua aliyeingiza diski hiyo. Ndiye yeye mwenyewe, aliyekuwa ameshika kikombe cha chai.

Kila Jumamosi Joan aliandamana na anti yake kwenda kufagia ofisi na kupanga karatasi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mbele katika ploti ya Shosho Wakarima, yaani nyumba zake za kupangisha, pale Kabiro, sehemu ya Kawangware. Watu walileta barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Siku za karibuni walileta pia malalamiko. Diski zao zikiingia kwenye mashine ile, walisema, zilitoka na virusi, yaani programu mbaya zinazojinakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine na kuharibu kazi za watu. Dawa ya kuviua, nayo ni programu, iliuzwa madukani mjini, lakini Shosho alipotajiwa bei alicheka tu akaendelea kuchambua maharagwe.

Wateja walipoondoka, Shosho alivuta kigoda karibu na Kageha na kumsimulia habari za marehemu mume wake, Mzee Naftaly. Alisimulia jinsi mzee alivyochimba kisima wakati Kabiro ilikuwa mashamba matupu, na jinsi alivyomwimbia ng'ombe nyimbo za kanisa ili atulie akikamuliwa. Shosho aliongea, Kageha akapiga taipu papo hapo. Maneno yale yangekuwa kijitabu cha kugawiwa watu siku ya ibada ya ukumbusho, mwaka mmoja tangu mzee azikwe. Hayakuwa yameandikwa popote pengine.

Elvis, mwanafunzi mwenzake Joan aliyeishi Olympic, ndiye aliyeleta dawa.

"Niaje, Joan? Mashine ya anti yako bado ina homa?"

"Bado."

"Basi shika hii diski, ni dawa. Bro yangu ameitoa kwa mse fulani, rafiki yake wa chuo. Kampuni ya ng'ambo inaipeana bure."

"Bure kabisa? Anti husema hakuna Mzungu anayetoa kitu bure."

"Anti yako ni mshamba! Kampuni kubwa ya Ulaya itakuibia nini wewe, sufuria?"

Joan alicheka, akaitia diski katikati ya daftari la hesabu. Jumamosi, Anti Kageha alipotoka kununua githeri, chakula chao cha mchana, Joan aliiingiza kwenye mashine. Maandishi ya Kiingereza yalijitokeza, yakauliza swali baada ya swali. Joan hakuyasoma. Alijibu "ndiyo" kila mara, kama mtu anayeitikia salamu. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Aliichomoa diski haraka. Alitaka kumshangaza anti yake wiki ijayo, wateja watakapoacha kulalamika.

Jumatatu mashine ilikataa kuwaka. Dedan, fundi wa kompyuta, alipofaulu kuiamsha, ilikuwa imefutika. Barua zote zilikuwa zimepotea, na Mzee Naftaly pamoja nazo.

Jumanne ile Joan hakusema kitu. Jumatano alirudi nyumbani akiwa amekata shauri kusema, akamkuta anti amelala mchana, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Akaosha vyombo. Alhamisi alikuwa nje akianua nguo aliposikia Anti Kageha akizungumza na jirani yao, Mama Sella.

"Unajua, labda ni mimi kweli," Anti Kageha alikuwa akisema. "Labda nilipokea diski ya mteja nikasahau. Siku hizi kichwa changu si kizuri."

"Usijisingizie, Kageha."

"Sasa ni nani? Shetani?"

Joan alisimama na nguo mikononi. Kusikia kwamba anti yake amelaumiwa na Shosho kulikuwa kumemuumiza, lakini hili lilizidi. Sasa Anti Kageha alikuwa ameanza kujilaumu mwenyewe.

Usiku huo hakula. Alisema tumbo linamuuma, na anti akamkanda tumbo hilo kwa maji ya moto.

Jumamosi asubuhi Anti Kageha alimpa bahasha na ufunguo.

"Mpelekee Shosho. Mwambie asiniwekee kinyongo. Jumatatu tunapanda basi kwenda nyumbani Vihiga. Utamalizia darasa la saba huko."

"Barua inasema nini, Anti?"

"Inaomba msamaha. Nimekubali makosa ili yaishe."

Joan alikuwa ameitia ile diski ndani ya soksi. Njia nzima ya Kawangware ilimkwaruza kifundo cha mguu, na hakuinama kuisogeza.

Shosho Wakarima alikuwa mlangoni pa ofisi. Ndani, Dedan alikuwa amefungua tumbo la kompyuta. Shosho alivaa miwani, akaisoma barua polepole, akaikunja.

"Vizuri. Angesema hivi Jumatatu, nisingemtoa. Uwongo ndio uliniudhi, si mashine."

"Shosho, barua hiyo si ya kweli."

"Ati nini, wee kairitu, wee msichana?"

"Anti hakufanya. Ni mimi." Joan aliinama akaitoa diski. Alieleza yote, tangu Elvis mpaka githeri, huku machozi yakimwingia mdomoni. "Nilidhani ni dawa. Elvis alisema imetoka ng'ambo na ni ya bure."

Dedan aliipokea. Alikuwa na kompyuta yake ya kubeba, kuukuu kama kiatu cha mgema, akaipima diski pale huku wakisubiri. Hatimaye alitikisa kichwa.

"Programu ni ya kweli," alisema. "Kampuni yenyewe naijua, na ni kweli huitoa bure. Hata mimi huitumia. Lakini hii diski haikutoka Ulaya, Joan. Imetoka Olympic. Na kabla ya Olympic ilikuwa chuoni, na kabla ya chuoni sijui. Kila aliyeinakili aliongeza uchafu wa mashine yake. Virusi vilivyofuta kazi ya Shosho vimekaa humu."

"Na Naftaly?" Shosho aliuliza. "Huwezi kumrudisha?"

"Nimejaribu wiki nzima, mama. Pole."

Shosho aliugeukia ukuta. Joan alitamani apigwe, maana maumivu ya kofi yangekwisha upesi. Hakupigwa. Mama yule mzee alijifunga leso kichwani, akachukua kutoka mezani ufunguo alioleta Joan.

"Nipeleke kwenu."

Walitembea, Shosho akipumzika mara kwa mara kando ya njia. Lindi nzima ilishangaa kumwona mwenye ploti wa Kawangware akiruka mitaro huku ameshika bega la mtoto. Anti Kageha alikuwa akifunga masufuria kwa kamba.

"Kageha, nimekukosea," Shosho alisema kabla hata ya kuketi, akimrudishia ufunguo. "Nilikufukuza bila kuchunguza. Mtoto ameniambia."

Anti Kageha alisikiliza yote. Kisha akamtazama Joan.

"Alhamisi, nilipomwambia Mama Sella kwamba labda ni mimi, ulinisikia?"

"Nilikusikia, Anti."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nisamehe."

Anti Kageha aliifungua kamba ya masufuria, akatoa moja, akaweka maji ya chai jikoni.

"Mimi pia nina kosa langu," alisema mwishowe. "Kazi ya miezi minne, sikuiwekea nakala hata moja. Nakusamehe, lakini usiku ule wa tumbo hautaniondoka upesi."

Shosho alimvuta Joan akaketi karibu naye.

"Sikia, kairitu. Kitu cha bure si kibaya kwa sababu ni cha bure. Wajukuu wangu wamechanjwa bure, kwa dawa ya ng'ambo, na wako hai. Lakini muuguzi aliifungua ile chupa mbele ya macho yangu. Ukipewa kitu, uliza kimepitia mikono ya nani, na usiseme 'ndiyo' kabla hujasoma unachoulizwa. Hilo ni la kompyuta. La pili ni lako: kosa la Jumamosi lilikuwa la mtoto asiyejua. Tangu Jumanne ulikuwa unajua. Kosa unalolijua liseme siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajalibeba."

"Nimesikia, Shosho."

Jumatatu Joan na anti yake walitoka pamoja tena. Shuleni Joan alimweleza Elvis, naye Elvis akaenda kumtafuta kila mtu aliyepewa nakala ya diski ile.

Maneno ya kwanza ya Mzee Naftaly hayakupatikana. Siku hizi, kila Jumamosi alasiri, Shosho Wakarima husimulia upya, Joan huandika kwa kalamu, na Anti Kageha hupiga taipu na kuweka nakala kwenye diski mbili. Ibada ya ukumbusho imesogezwa mpaka Desemba. Wamefika ukurasa wa tisa.