Nilikodi Kitanda, Sikukodi Mtu

"Mpwa wangu, acha hayo mashuka kwanza. Njoo umwone mkeo mtarajiwa amelala na nani."

Mdoe alikuwa nyuma ya gesti yake pale Mkata, anaanika mashuka ya usiku uliopita. Akajifuta mikono kwenye suruali, akapokea simu ya mjomba wake, Ukasha.

Pichani alikuwa Faudhia. Amekaa kwenye dabo deka, kitanda cha chini, mtandio kichwani, begi kubwa la mgongoni liko miguuni pake, anacheka. Kutoka kitanda cha juu zilining'inia nyayo mbili za mzungu. Chumba chenyewe kilikuwa kimechimbwa ndani ya mwamba, hakina dirisha. Chini ya picha aliandika: "Coober Pedy, Australia. Juu joto halikaliki, watu wanaishi chini ya ardhi. Nimelala kama panya buku."

"Shikamoo, mjomba," Mdoe alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba. Umeona miguu?"

"Nimeiona."

"Miguu ya kiume hiyo. Mimi ndiye niliyepeleka barua ya posa Korogwe kwa bibi yake. Mshenga ni mimi. Leo kwetu Chanika nzima naulizwa, eti yule binti wenu analala gesti na wazungu?"

"Siyo gesti, mjomba. Ni hosteli."

"Tofauti yake nini?"

Swali hilo lilimuuma Mdoe. Alikuwa amekaa mapokezi miaka ya kutosha kujua wanaoingia kwa mlango wa mbele na magunia ya mahindi, na wanaoingia kwa geti la uani na miwani ya jua saa za jioni. Kichwani mwake gesti ilikuwa gesti, hata ukiihamishia Australia.

Faudhia alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Korogwe, mjukuu wa Wanyamwezi walioletwa kukata mkonge. Alipata ufadhili, akaenda kusoma miaka miwili katika mji wa Adelaide. Masomo yakaisha. Viza ilikuwa imebakiza wiki chache, na badala ya kupanda ndege aje aolewe, akanunua begi, akaanza kuizunguka ile nchi kwa mabasi, leo hosteli hii, kesho ile.

"Anazunguka anatafuta nini?" Ukasha aliuliza akirudishiwa simu yake. "Nchi ya watu inazungukwa?"

Alipoondoka, Mdoe akampigia Faudhia simu. Kule ilikuwa jioni.

"Mzigua wangu," Faudhia alipokea kwa furaha. "Nipo Alice Springs, jikoni. Napika wali wa nazi ya kopo, kuna binti wa Kikorea ananiangalia kama napika dawa."

"Faudhia, ile picha."

"Ipi?"

"Ya miguu."

Sufuria zikagongana upande wa pili.

"Aa. Yule ni mwalimu, katoka Denmark. Anakoroma. Sijui lake lingine."

"Mlilala wangapi?"

"Sita."

"Wanaume?"

"Watatu. Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa, mji uko jangwani, na basi lilishaondoka. Ulitaka nilale na kangaruu?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungesemaje?"

"Ningesema..." Mdoe alianza.

"Unaona? Sasa nisikilize. Huku mtu hakodi chumba, anakodi kitanda. Hakuna cha kujifungia wawili. Ukijigeuza usiku, watu watano wanasikia. Nilikodi kitanda, Mdoe, sikukodi mtu."

"Mimi ni mwenye gesti. Najua yanayofanyika gesti."

"Unajua yanayofanyika gesti *yako*."

Faudhia akaendelea taratibu, bila kupandisha sauti.

"Unajua nilitaka kukusimulia nini leo? Hizi hosteli zimejaa vijana wa Ulaya wanaochuma machungwa na zabibu ili waongezewe viza. Alfajiri wanafuatwa na gari la shamba, jioni wanarudi hoi, wanapanda vitanda vya juu na chini. Nikacheka peke yangu. Nikasema manamba hawa, kama wale wa mkonge, ila wamejilipia nauli. Halafu juzi nimeliona lile jiwe lao kubwa jekundu, limekaa nyikani kama mnyama amelala. Wenye ardhi walisema miaka nenda miaka rudi, jamani msilipande, ni patakatifu petu. Watu wakapanda wakipiga picha. Ni juzijuzi tu ndiyo wamefunga njia. Nimelizunguka chini kwa miguu, nikamkumbuka babu. Alivuka nchi nzima kuja kukata mkonge, hakuna aliyemsimamisha mahali akamwambia, angalia pazuri hapa. Nikaangalia na kwa ajili yake. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mdomoni. Wewe umeniuliza miguu."

Simu ikakatwa.

*

Kikao kiliitishwa Chanika, sebuleni kwa mama yake Mdoe, Bi Mashavu. Walikuja wajomba na baba wadogo, wakaletewa chai na mihogo, wakala, wakaanza kuzungumzia heshima.

Watu hawa wana usahaulifu wa ajabu. Enzi za mashamba ya mkonge, wanaume na wanawake walipangwa kambini kwenye banda moja, familia na wasiowajua, katikati pametundikwa gunia. Bibi zao kina Faudhia walijifungua nyuma ya gunia hilo. Aliyewapanga alikuwa na kofia ngumu na kiboko. Hakuna mjomba aliyeitisha kikao. Leo mjukuu wa gunia lile amelipia kitanda chake kwa hela yake, mji mzima umepata homa.

"Mimi nasema Ijumaa tuende Korogwe tukarudishe neno," Ukasha alisema. "Kistaarabu tu. Tuseme kijana hajawa tayari."

"Kijana mwenyewe yupo hapa," Bi Mashavu alisema. "Mdoe, unasemaje?"

Mdoe akamtazama mjomba wake. Kanzu imepigwa pasi, tasbihi mkononi. Kila Alhamisi, siku ya mnada pale Mkata, chumba cha uani kiliachwa wazi, ufunguo mlangoni, kwa ajili ya Mjomba Ukasha na Maryamu wa mgahawani. Mkewe Ukasha alidhani mumewe anaangalia bei za ng'ombe.

Lakini kazi ya gesti ina sheria moja: mwenye gesti ana macho, hana mdomo. Siku utakayosema la mteja mmoja, wote wanahama.

"Mtakavyoona wakubwa," Mdoe alisema.

Bi Mashavu akaweka kikombe chini.

"Sikuwauliza wakubwa," alisema, akaingia ndani.

Jioni ile ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mdoe: "Nimesikia mnakuja kwetu Ijumaa. Shangazi zangu ni redio. Mimi natua Dar Jumatano."

Akaandika, "Karibu nyumbani." Akafuta. Akaandika, "Nisamehe." Akafuta hilo pia. Akalala bila kujibu, na Faudhia akaona kwamba ujumbe umesomwa.

*

Alhamisi mchana basi la kutoka Dar lilisimama Mkata. Akashuka binti mweusi zaidi ya alivyoondoka, raba zina vumbi jekundu, begi mgongoni limempita kichwa. Wauza machungwa walimkimbilia kama mtalii. Akawajibu kwa Kizigua kibovu, alichofundishwa na Mdoe mwenyewe, wakacheka, wakamwachia njia.

Akaingia gesti, akasimama mapokezi.

"Habari za hapa, kaka. Nahitaji kitanda."

Mdoe aliinuka, kiti kikaanguka.

"Faudhia."

"Mnacho au hamna?"

"Basi si linaenda mpaka Korogwe? Kwenu hawajui umefika?"

"Kwetu wanajua. Mmesema mimi ni mtu wa kulala gesti. Nimekuja kulala gesti. Mnacho?"

"Leo mnada. Pamejaa."

"Vyote?"

Mdoe akageuka akatazama ubao wa funguo. Ulikuwa mtupu. Mlango wa chumba cha uani tu ndio ulikuwa na ufunguo wake, umening'inia kule kule kwenye kitasa kama kila Alhamisi.

"Kimoja kina mtu," alisema.

"Yuko ndani?"

"Hajafika."

"Kalipia?"

"Hajawahi kulipa. Ni ndugu."

Faudhia akatua begi sakafuni. Hakuuliza ndugu gani. Mdoe akapiga hesabu. Akimpa chumba kile, ile sheria imekufa, na huenda gesti ikafuata. Akimnyima, binti huyu atatoka kwa mlango ule ule, na hatarudi.

"Nifuate," alisema.

Akambebea begi mpaka uani, akachomoa ufunguo mlangoni, akamkabidhi mkononi.

"Chumba chako. Shuka ni safi, nimefua mwenyewe."

"Ahsante, kaka."

"Faudhia, usiniite kaka."

"Nitakuita mteja anavyomwita mwenye gesti," alisema, akafunga mlango.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, geti la uani lililia. Mdoe alikuwa bombani anajaza ndoo. Aliona kofia ya Mjomba Ukasha, nyuma yake Maryamu amebeba mfuko wa nyama choma. Angeweza kumwahi mjomba na kumgeuza. Akaendelea kujaza maji.

Ukasha akagonga kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu wa nyumbani. Mlango ukafunguka. Faudhia alikuwa amejitanda khanga, mswaki mkononi.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

"Mara... marahaba." Ukasha akarudi nyuma hatua, akamkanyaga Maryamu. "Wewe... unafanya nini hapa?"

"Nimekodi. Na wewe?"

"Mimi nilikuwa... napita kuangalia... Mdoe!"

"Naam, mjomba."

"Huyu binti kawekwa humu na nani?"

"Na mimi."

"Huku ukijua leo ni Alhamisi?"

"Nikijua."

Maryamu, ambaye hakuwa na posa ya kuvunja wala kanzu ya kulinda, aliangua kicheko akaegemea ukuta.

"Ukasha," alisema, "si huyu uliyekuwa unanisimulia wiki nzima kwamba hana adabu? Mbona amekuamkia vizuri? Mimi naondoka na nyama yangu."

Ukasha akabaki anaichezea tasbihi. Hatimaye akasema kwa sauti ya chini, "Mdoe, mambo mengine huwa hayasemwi."

"Sijasema kitu, mjomba. Nimempa mteja chumba."

"Ijumaa sitakwenda Korogwe. Nina udhuru."

"Sawa, mjomba."

Tangu hapo hakuonekana Mkata. Nasikia bei za ng'ombe siku hizi anaziangalia Segera.

Geti lilipofungwa, Mdoe alitabasamu. Faudhia hakutabasamu.

"Ulijua atakuja," alisema.

"Nilijua."

"Kwa hiyo umeniweka mlangoni kama chambo, nikuvulie samaki."

"Nimekutetea."

"Umemwaibisha yeye. Mimi hujanitetea. Mjomba kuwa mchafu hakunifanyi mimi kuwa safi, Mdoe. Kama angekuwa mtu wa msikitini kweli, mngeniacha?"

Ndoo ikafurika, maji yakamfikia miguuni. Hakusogea.

"Kikaoni uliulizwa," Faudhia aliendelea. "Ulisemaje?"

"Nilisema wakubwa wataona."

"Basi wakubwa wameona. Usiku mwema."

*

Alfajiri Faudhia alitoa begi nje, akarudi ndani kuchukua mtandio; alipotoka alimkuta Mdoe mlangoni, begi liko mgongoni mwake, mikanda imembana mabega.

"Unalipeleka wapi?"

"Korogwe. Kwa bibi."

"Mposaji hajipeleki. Anatuma mtu."

"Mtu wangu ana udhuru."

Safari nzima kwenye basi Faudhia alitazama dirishani. Mashamba ya mkonge yalipoanza, mistari kwa mistari, Mdoe naye akayatazama. Walishuka Korogwe, wakatembea mpaka mtaa wa Manundu, Mdoe mbele na mzigo, watu wakiwageukia.

Bibi Mwanaisha alikuwa kizingitini anachambua mchele. Alimwona mkwe kutoka mbali, akaweka ungo chini.

"Simama hapo hapo. Usitue."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Majirani, tokeni mje muone. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, wakipita kwa Wazigua, Wazigua wamekaa vibarazani wanawacheka. Ndiyo huu utani tunaotaniana mpaka leo. Sasa tazameni, Mzigua kawa pagazi wangu."

Majirani wakatoka wanacheka. Mtani akikusimamisha, unasimama. Hata mahakama haikusaidii.

"Mzito?" bibi aliuliza.

"Mzito, bibi."

"Bado, usitue. Umekuja kurudisha neno?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe kwa sababu kosa ni langu. Kosa nisingemtwisha mshenga."

"Kosa gani?"

"Niliiona picha, nikasahau mtu ninayemjua."

"Hayo maneno ya kwenye kadi. Sema kosa."

Mdoe akavuta pumzi. Mikanda ilikuwa imemwingia mabegani.

"Sikumwamini. Nikaulizwa mbele ya ndugu zangu, nikaogopa. Niliogopa ndugu, nikaogopa na wateja. Yeye hakufanya kosa lolote."

"Na angekuwa amelala chumba cha watu ishirini?"

"Angekuwa amelala, bibi. Mtu akichoka safari analala."

"Sasa unamwamini au unamwogopa?"

"Namwamini."

"Sauti. Walioizungusha ile picha wako nyumba ya tatu."

"Namwamini Faudhia," Mdoe alisema, na nyumba ya tatu dirisha likafungwa polepole.

Bibi akamgeukia mjukuu wake.

"Mimi nimemaliza utani wangu. Mzigo ni wako, mwenyewe unajua."

Faudhia alitazama jinsi shati la Mdoe lilivyolowa jasho, na yeye bado anajikaza. Akamwendea kwa nyuma, akaingiza mikono yote miwili chini ya begi, akaubeba uzito.

"Tua, Mzigua," alisema. "Bibi, mpe maji. Halafu nimsimulie lile jiwe."