Gari Huchaguliwa Mteremkoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Munira alikuwa na kazi tatu: kuteka maji bombani, kuwasha moto wa chai, na kufagia nyumba ya magurudumu. Mbili za kwanza alizifanya kwa sababu mama alimwagiza. Ya tatu aliifanya bila kuambiwa na mtu, na ole wake aliyethubutu kuingia mle ndani na viatu vyenye vumbi la kijiji chao, Mkonze.

Nyumba hiyo ilikuwa tela kubwa la kulala safarini. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, meza ya kukunja, kabati la vyombo na jiko la gesi. Wahandisi wa kigeni waliokuwa wakijenga barabara ndio walioishi humo, na kazi yao ilipokwisha wakaliuza kwa mnada. Mwanahawa, mama yake Munira, aliyekuwa akiwapikia vibarua wao wali na maharage, akalinunua. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mwanamke kanunua nyumba isiyo na kiwanja!" walisema.

Wacha wacheke. Mwanahawa alikuwa na lake moyoni. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya biashara huria, na kila mwenye nguvu alikuwa akitafuta cha kuuza. Kutoka Dodoma hadi Kondoa, minada ya ng'ombe huhama kijiji hadi kijiji, na watu wanaoifuata hula vumbi zaidi ya chakula. Mwanahawa alitaka kuwafuata na mgahawa wake: apike humo, alale humo, kukicha ahamie mnada mwingine pamoja na watoto wake wakati wa likizo. Kilichokosekana ni gari la kulivuta tela. Akiba aliyobaki nayo ilitosha kununua gari moja tu. Gari hilo likikosewa, tela lingeozea uani na Mwanahawa angerudi kupikia wengine.

Sasa, kwao Kondoa jambo zito la familia haliamuliwi bila mjomba. Mjomba Hamidu, kaka yake Mwanahawa, alikuwa na duka la vitenge pale Majengo, alikuwa na leseni ya udereva, na alikuwa na imani kubwa mno juu ya leseni hiyo. Jumamosi moja alifika uani akitabasamu hadi magego yakaonekana.

"Shikamoo, mjomba," alisema Munira.

"Marahaba. Mwite mama yako. Gari limepatikana!"

Wakaenda wote watatu hadi yadi ya Bwana Castory, mfanyabiashara aliyekuwa akileta magari yaliyotumika kutoka bandarini. Pikapu yenyewe ilikuwa ya buluu, imepigwa msasa na kung'arishwa, ina mistari ya fedha ubavuni na redio ya kaseti. Nyuma kabisa ya yadi, karibu na ukuta, ilisimama pikapu nyingine ndefu ya kijivu, rangi imepauka, ina tairi nne nyuma badala ya mbili. Hakuna aliyekuwa akiitazama, ila kuku mmoja aliyelala chini yake.

"Hii ya buluu ikiingia mnadani, watu wataacha ng'ombe waje waitazame," Bwana Castory alisema. "Na nguvu inazo. Inabeba magunia mpaka unaona huruma."

"Inashukaje mlima?" Munira aliuliza.

Bwana Castory alicheka. "Binti, kila kitu hushuka mlima. Hata jiwe hushuka."

"Jiwe halisimami," Munira akajibu.

Swali hilo hakulitoa hewani. Likizo zote alikuwa akienda kwa Bibi Tabu, kwenye vilima vya Kondoa, ambako mashamba yako juu na maji yako chini. Bibi Tabu alipokwenda kununua punda hakuanza na meno wala kwato. Alimtwika punda mzigo kamili, akamteremsha mlima. "Kupanda, kila punda atapanda ukimchapa," bibi alikuwa akisema. "Anayejua kushuka ndiye atakayenifikishia mzigo nyumbani." Munira alikuwa ameona kwa macho yake punda mzuri, mnene, akisukumwa na mzigo wake mwenyewe hadi bondeni, na muuzaji akiapa kwamba punda alikuwa na homa siku hiyo.

"Tela letu ni zito kuliko gari hili," Munira aliendelea. "Likishika mteremko litalisukuma."

"Munira, nyamaza," alisema Mjomba Hamidu. "Gari limeshachaguliwa. Nimempa Bwana Castory mkono, na asubuhi nimesoma dua msikitini. Unataka nionekane mtu wa kubadili maneno kama kinyonga?"

Hapo ndipo ulimi wa Munira ulipomkimbia. "Mjomba, wewe hununui gari. Unanunua rangi!"

Wateja waliokuwa karibu waligeuka. Mmoja alicheka kwa sauti. Uso wa mjomba ukasawijika, maana hakuna mtu mzima anayependa kuumbuliwa na mtoto mbele ya watu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" alifoka.

"Na anayesikia lisilofaa huvunjika yote mawili!"

"Munira!" Mama yake alimfinya bega kwa nguvu. "Koma hapo hapo."

Munira akakoma, lakini macho hakuyainamisha. Mwanahawa alizunguka nyuma ya ile pikapu ya buluu, akakaa kwenye ukingo wa bodi, akaona jinsi ilivyobonyea kwa uzito wake tu, naye hakuwa mwanamke mnene.

"Kaka," alisema kwa upole, "pesa bado ninayo mimi. Kesho gari lije Mkonze, lifungwe tela likiwa na mzigo, lishuke ule mteremko wa korongoni. Likisimama vizuri, nalipa papo hapo."

"Na dua yangu?"

"Dua itabaki kuwa dua, kaka. Breki tuzijaribu wenyewe."

Jumapili asubuhi Mkonze nzima ilikuwa uani kwa Mwanahawa. Mjomba Hamidu alitaka jaribio lifanywe na tela tupu. "Tunajaribu tu, mzigo wa nini?" alisema. Munira hakubishana naye. Yeye na rafiki yake Violeth, aliyekuwa akisoma naye darasa la sita, walikuwa wameamka alfajiri wakayajaza maji mapipa mawili mle ndani ya tela, wakapanga na magunia ya unga na masufuria makubwa. Mjomba alipofungua mlango, kazi ilikuwa imekwisha.

"Nani aliyewatuma?"

"Mnadani tutakwenda na maji na unga, mjomba," alisema Munira. "Hatutakwenda na upepo."

Cornel, dereva wa Bwana Castory, alilifunga tela kwenye pikapu ya buluu. Mkia wa pikapu ukashuka, pua ikainuka, taa zikatazama juu. Hata hivyo, kwenye barabara ya tambarare mbele ya nyumba, ililivuta tela bila shida. Redio ilikuwa ikipiga muziki. Watu walishangilia, na Mjomba Hamidu alipunga mkono dirishani kama bwana harusi.

"Wamekushinda," Violeth alinong'ona.

"Bado hawajashuka," alijibu Munira.

Gari lilisimama juu ya mteremko ili watu wajongee. Hapo Shaaban, mdogo wake Munira mwenye umri wa miaka sita, akafungua mlango wa tela, akapanda, akajilaza kwenye kitanda cha mbele na kuanza kuwapungia watoto wenzake dirishani. Munira alimwona. Alikimbia, akaingia ndani, akamkamata mkono.

"Mwache mtoto afurahie gari la mama yake!" Mjomba Hamidu alisema akiwa amekaa mbele, karibu na dereva.

"Hapana. Anashuka."

"Nimesema mwache!"

"Nimekataa!"

Mjomba akateremka. Munira alikuwa amekwisha kumtoa Shaaban nje, na sasa alisimama mlangoni mwa tela, mikono ameitandaza, mgongo ameubana kwenye mlango. Shaaban alilia. Watu wazima waliguna, na mama mmoja alisema kwamba siku hizi watoto wa shule hawana adabu hata chembe.

"Ondoka hapo, Munira," alisema mjomba, mkono ukiwa juu.

"Nipige, mjomba. Nipige hata mara mia. Humu hapandi mtu."

Mkono ule ulikaa hewani. Mwanahawa alipenya katikati ya watu, akamnyanyua Shaaban, akambeba kiunoni kama mtoto mchanga. "Atatazama akiwa na mimi," alisema. Mjomba Hamidu alirudi garini na kuubamiza mlango.

Cornel akaanza kushuka. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha tela likaacha kufuata, likaanza kusukuma. Cornel alikanyaga breki, vumbi likafuka, lakini gari halikusimama. Mkia wa pikapu ukasukumwa upande, ikageuka, ikaenda ubavu ubavu huku tela likiikokota na kuisukuma kwa pamoja. Wanawake walipiga kelele. Vyote viwili vilikwenda hivyo hadi korongoni, vikazama kwenye mchanga mzito, na hapo vikasimama. Redio ilikuwa bado ikipiga muziki.

Munira alikuwa wa kwanza kufika chini. Mlango ulifunguliwa, Mjomba Hamidu akatoka, kofia haipo, akajishika kwenye gari kwa mikono yote miwili. Hakuumia. Cornel naye hakuumia.

"Umekanyaga breki vibaya!" Bwana Castory alimfokea Cornel, akihema kwa kukimbia.

"Bosi, nimekanyaga mpaka mguu umefika sakafuni," alisema Cornel. "Tela ndilo lililokuwa linaniendesha mimi."

Mjomba Hamidu hakuwasikiliza. Alikwenda kufungua tela. Pipa moja la maji lilikuwa limetoka mahali pake, likabingirika na kukivunja kitanda cha mbele katikati. Mto ambao Shaaban aliulalia muda mfupi uliopita ulikuwa chini ya pipa, umelowa. Mjomba aliutazama mto huo.

Baadaye, bila kuulizwa na mtu, alimfuata Bwana Castory. "Mkono niliokupa jana, naurudisha. Kama ni aibu, nitaibeba mwenyewe."

Ili kuvitoa vyombo vile korongoni, Bwana Castory alilazimika kuagiza ile pikapu ya kijivu. Ilikuja ikinguruma kizee, ikavuta kwanza pikapu ya buluu, kisha tela, bila kuteleza.

"Hii!" majirani walipiga makofi. "Hii ndiyo yenyewe!"

"Bado," alisema Munira. Wote wakamgeukia. "Kuvuta tumeona. Kushuka hatujaona."

Hata mama yake alicheka. Lakini walimsikiliza. Fundi Yotham, jirani yao, alilitazama tela na kugundua kwamba breki zake lenyewe zilikuwa zimekufa zamani. Akazitengeneza juma zima, na mapipa akayafunga kwa minyororo. Jumamosi iliyofuata pikapu ya kijivu ilifungwa tela lenye mzigo uleule, na mtu hakuruhusiwa kukaa ndani. Ilishuka polepole kwa gia ya kwanza, ikilalamika njia nzima. Katikati ya mteremko Cornel alikanyaga breki, ikasimama. Akaachia, akakanyaga tena, ikasimama tena. Mwanahawa akaenda kufungua pochi yake.

Jioni, wakiwa wameketi uani kunywa chai, Mwanahawa alimwita Munira, akamsimamisha mbele ya mjomba wake. Shaaban alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mjomba, akila muhogo.

"Sikilizeni wote wawili," Mwanahawa alisema. "Munira, pale yadini ulimdhihaki mjomba wako mbele ya watu. Hilo ni kosa, na kuwa na haki hakulifuti. Neno la kweli ukilirusha kama jiwe, mtu atashughulika na donda, hatalisikia neno. Lakini pale mlangoni mwa tela ni jambo jingine. Mtoto anayeona hatari akanyamaza kwa kuwaogopa wakubwa, tusiseme ana adabu. Ana woga. Na mkubwa anayeng'ang'ania neno lake kwa kuogopa aibu, kaka yangu, naye ana woga uleule."

Mjomba Hamidu alikubali kwa kichwa.

Munira akapiga goti. "Mjomba, naomba unisamehe kwa kusema kwamba unanunua rangi."

"Nimekusamehe. Na kwa kunikatalia mlangoni?"

Munira alimtazama mama yake, kisha akamtazama Shaaban aliyekuwa na chembe za muhogo kwenye mashavu. Akainua uso.

"Hapo siombi, mjomba."

Mjomba Hamidu aliweka kikombe chini, akaupeleka mkono wake juu ya kichwa cha Shaaban, akauacha pale.

"Usiombe, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Hapo usiombe kabisa."