Bolti Ndani ya Kitambaa

Maiti ililala kifudifudi nyuma ya nguruwe pori, na kati yao kulikuwa na bonge la udongo mbichi lililopasuka. Nguruwe mwenyewe alikuwa mzoga wa tangu jana, dume kubwa, ameegemezwa kwenye vigingi viwili.

"Mdogo wangu alikuwa anapima risasi," alisema mwindaji. Alikuwa ameketi kwenye kisiki, mikono magotini, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. "Mimi napiga, yeye anakwenda kutazama. Imebaki nyamani, au imetokea kwenye udongo."

"Na leo?" aliuliza Inspekta.

"Ya ncha laini ilibaki. Hii ngumu ikapita. Sikujua yuko nyuma, afande."

Daktari wa polisi alipapasa mfuko wa shati la marehemu, akatoa kitambaa chenye mafuta, kimefungwa vizuri. Akakifungua. Ndani mlikuwa na bolti ya bunduki, kile chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu.

"Mtu huyu alibeba bolti ya nini?" aliuliza Inspekta.

Mwindaji alikitazama kitambaa. "Ndivyo alivyotufundisha baba. Anayekwenda nyuma ya shabaha huondoka na bolti mfukoni. Bunduki bila bolti ni bomba tu."

"Basi hilo bomba lako limemuuaje?"

Inspekta aliinua bunduki iliyokuwa nyasini. Bolti yake ilikuwa ndani, na namba yake ililingana na ya mtutu. Ile ya kitambaani ilikuwa na namba nyingine.

Nyumbani, mama yao alikuwa anaosha kikombe alichonywea marehemu chai asubuhi. Alikiosha, akakifuta, akakiosha tena.

"Pole, mama. Marehemu mzee aliacha bunduki ngapi?"

"Mbili, mwanangu. Pacha. Kila mtoto na yake, wasije wakang'oana macho." Alitaka kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. "Ya huyu mdogo ile pale nyuma ya mlango. Wiki nzima haijatoka, alisema inakwama kwama."

Inspekta aliishusha. Mahali pa bolti palikuwa patupu. Aliisogeza dirishani akasoma namba, kisha akaisoma mara ya pili, maana alitamani iwe nyingine.

"Leo kuna aliyeigusa?"

"Kaka yake. Alisema anaipangusa vumbi."

Kikombe kikatulia mikononi mwake. "Nimesema nini, mwanangu?"

Inspekta alitoka kwenda barazani, ambako mwindaji alikuwa amekalishwa kati ya askari wawili.

"Ulimpa bolti ya bunduki yake mwenyewe, imefungwa kitambaani."

"Hakuifungua," alisema mwindaji. "Aifungulie nini? Mimi ni kaka yake."

"Kwa nini?"

"Unamjua nguruwe dume, afande? Begani, chini ya ngozi, ana ngao. Gegedu gumu, nene kama kiganja. Mwaka jana mwanangu wa pekee alimpiga dume hapo kwa ncha laini. Baba yake mdogo alimwambia zinatosha, amezipima. Risasi ikafumukia kwenye ngao, moyoni haikufika. Dume akamrudia mtoto, akamuua."

"Hiyo ni ajali."

"Nami niliiita ajali. Juzi usiku mdogo wangu akaniambia mwenyewe. Mwanzo alipima kwenye udongo, akajitapa kwa kila mtu. Baadaye akapima kwenye bega la dume, akaona inakwama. Mwanangu alikuwa bado hajaenda porini. Aliona haya kukana maneno yake. Haya tu, afande. Alilia, akaniomba msamaha. Nikamwambia nimekusamehe."

"Ukamdanganya."

"Wakati nasema, ilikuwa kweli. Asubuhi nikapita kwenye kitanda cha mtoto."

Askari mmoja akamfunga pingu. Mama alikuwa mlangoni, kikombe mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Huyu mdogo namzika kesho," alimwambia Inspekta kwa upole, kama anayeuliza njia. "Na huyo mkubwa utanirudishia lini?"

"Sijui, mama."

"Mimi nina mwaka wa sabini na saba. Sasa nani atanizika?"

Gari lilipogeuka, nguruwe walikuwa wameshaingia shambani, mchana kweupe, wanafukua mihogo na watoto wao nyuma. Kupitia kioo Inspekta alimwona mama akitoka na sufuria na mwiko ili awafukuze. Aliinua mwiko. Kisha akaushusha, akageuza sufuria, akaikalia, akawatazama wakila.