Ukurasa wa Tatu

Sanduku lilikuwa limekwisha kufungwa kamba, na mkokoteni ulikuwa umekwisha kushika mteremko wa kwenda stendi ya mabasi. Mbele alikuwa Breki, mzee wa mkokoteni, amejipinda kwa nyuma, visigino vinachimba vumbi. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu mkokoteni wake haukuwa na breki ila yeye mwenyewe.

"Mhandisi, shika kamba hapo nyuma," aliita. "Sanduku hili likinishinda, litafika chuoni kabla yako."

Kaka alicheka akashika kamba. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolishona Mama wiki nzima, kola imekaa kama ya dukani. Alikuwa anakwenda nchi ya jirani kusoma uhandisi wa maji, miaka minne. Katika mtaa ule hakuna aliyewahi kuvuka mpaka kwenda chuo kikuu, kwa hiyo watu walisimama milangoni kumwona. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, akamwacha mteja wake kichwa nusu.

"Ukirudi utukumbuke," alisema.

"Nitakukumbuka kila nikijitazama kichwa," Kaka alijibu, na watu wakacheka.

Mama alifuata, na mwisho kabisa alitembea mdogo wake Kaka, msichana wa miaka kumi na miwili, amebeba begani mfuko wa turubai wa bluu. Yeye hakucheka. Hata chai aliyoandaliwa asubuhi aliiacha mezani hadi ikaota utando.

Mtaa mzima ulimwita Redio. Alikuwa wa kwanza darasani katika ile lugha ya kigeni waliyofundishwa shuleni, na mtu yeyote aliyepata karatasi iliyoandikwa kwa lugha hiyo, iwe ya dawa au ya maelezo ya pasi mpya, alimletea yeye. Redio alipanda juu ya meza ya kupigia pasi katika kibanda cha Mama, akasoma kwa sauti, kisha akaeleza. Mama alikuwa fundi cherehani, na mguu wake ulitoka kwenye pedeli kwa mambo mawili tu: uzi ukikatika, au barua ikifika.

Barua ya chuo ilifika wiki sita kabla ya safari. Siku hiyo Kaka alikuwa kambini, mbali, alikofanya kibarua cha kujenga tangi la maji. Nafasi ya kupiga simu aliipata Jumapili tu, siku ya mapumziko, tena mpaka apande juu ya kifusi ndipo ishike. Mama alisimamisha cherehani. Kinyozi alikuwepo, na mama mmoja aliyefuata sketi yake, na wote walisogea karibu.

Redio alisoma ukurasa wa kwanza. Umekubaliwa, hongera. Mama alijifuta macho kwa kipande cha bitana. Alisoma wa pili: mabweni, siku ya kuripoti, uje na blanketi lako. Kisha akafunua wa tatu.

Ukurasa wa tatu haukuwa kama ile mingine. Ulikuwa na jedwali, na visanduku vidogo vya kutia alama, na maneno marefu ambayo hakuwahi kuyaona katika kitabu chochote cha darasa la sita. Alijaribu neno la kwanza kimoyomoyo, likamkwama. Akajaribu la pili. Aliinua macho, akawaona wote watatu wanamtazama, wanasubiri.

"Na huo wa tatu unasemaje?" Mama aliuliza.

"Salamu tu," Redio alisema. "Wanaisalimia familia."

"Watu wenye adabu hao," Mama alisema, na cherehani ikaanza tena kulia.

Ilikuwa rahisi hivyo. Jumapili alimweleza Kaka kwenye simu, akarudia yaleyale: hongera, blanketi, salamu. Mara mbili tatu alikusudia kuichukua barua ampelekee mwalimu. Lakini mwalimu angeuliza, na darasa lingesikia, na Redio ambaye husoma kila kitu angekuwa Redio ambaye hakuweza kusoma. Siku zikaenda. Kisha Mama akashona ule mfuko wa bluu, akaitia barua ndani ya bitana, akaifunga kwa mshono mdogomdogo pande zote nne. Kazi ya Mama ilikuwa hivyo. Kitu cha thamani hakukitia mfukoni, alikishonea ndani.

"Sasa hata mwizi aje na mganga wake," alisema. "Itafumuliwa mpakani, mbele ya ofisa."

Kaka aliporudi kutoka kambini, siku moja kabla ya safari, aliomba aione.

"Nimeshashona," Mama alimjibu. "Unataka nifumue kazi ya saa nzima? Redio ameisoma yote."

"Kama Redio ameisoma, basi," Kaka alisema, na akamvuta mdogo wake sikio kidogo, kwa mapenzi.

Redio aliukumbuka mkono ule sikioni njia nzima ya kwenda stendi.

Basi lilikuwa liondoke saa nane mchana. Kwenye benchi la abiria alikaa dada mmoja mwenye miwani, miguu juu ya sanduku lake, anakula karanga. Alipoona jina la chuo ambalo Kaka alikuwa ameliandika kwa rangi kubavuni mwa sanduku, alisogea kuwapisha.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Huyu ni mgeni wetu? Mimi niko mwaka wa tatu pale, uuguzi."

"Marahaba, mwanangu," Mama alisema, uso umemng'aa. "Afadhali. Nilikuwa naogopa atasafiri peke yake kama kifurushi."

"Hatapotea. Kwani umechagua njia ipi?" yule dada alimuuliza Kaka.

"Njia ipi vipi? Basi si ni hili hili?"

"Hapana, njia ya masomo. Sisi wa kutoka nje tunapewa tatu. Unaanza shahada moja kwa moja. Au unaanza na mwaka mmoja wa lugha na hesabu, ndipo shahada. Au unasoma stashahada miaka miwili, halafu unaendelea. Unatia alama, shule yako ya zamani inagonga muhuri, unawarudishia kabla ya tarehe. Fomu huwa ukurasa wa mwisho wa barua."

Kaka aligeuka polepole. "Redio. Ukurasa wa mwisho ulisema nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno.

"Salamu," alisema.

Dada mwenye miwani alicheka, karanga nusura zimpalie. "Chuo kile? Mimi nina miaka mitatu pale na mlinzi wa getini hajawahi kuitikia hata salamu yangu moja."

Kaka naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Alimtazama mdogo wake kama mtu anayetazama daraja alilotaka kupita, asijue kama litambeba. Kondakta alianza kupakia mizigo juu ya basi. Breki alikuwa tayari amekumbatia sanduku, anamsubiri mwenye kulipokea.

Redio aliona mambo yote mawili kwa wakati mmoja. Akinyamaza, basi litaondoka, na Kaka atafika mpakani na shati lake jeupe, ofisa atauliza fomu, naye hatakuwa na la kujibu, peke yake, mbali. Akisema, ni hapa hapa, mbele ya Mama, na Breki, na huyu mgeni. Alivua ule mfuko begani.

"Mama," alisema. "Fumua."

"Nifumue nini?"

"Mfuko. Si salamu. Sikuelewa ule ukurasa. Niliona haya kusema."

Mama alitoa wembe kwenye kibeti, akakaa kwenye benchi, akaanza kukata nyuzi, moja baada ya nyingine, bila haraka. Mlio mdogo wa kila uzi ukikatika Redio aliusikia kuliko honi za stendi nzima.

Dada mwenye miwani alisoma ule ukurasa. Tarehe ya kurudisha fomu ilikuwa imepita siku tisa. Akapiga namba iliyoandikwa chini, akaeleza, akampa Kaka simu.

"Ndiyo, mzee," Kaka alisema. "Ndiyo. Hatukuisoma vizuri."

Alisema "hatukuisoma". Hakusema ni nani. Redio alitamani angemtaja. Lile neno lilimchoma kuliko kofi.

Kaka alirudisha simu. "Nafasi za moja kwa moja zimejaa. Zimepewa waliokuwa wanasubiri. Imebaki njia ya mwaka wa lugha. Niende na fomu yenye muhuri, mwisho Jumatano."

"Yaani miaka mitano badala ya minne," Mama alisema.

"Mitano."

Muhuri ulikuwa shuleni, na basi linalofuata lilikuwa Jumanne. Hili la leo likaondoka na dada wa miwani dirishani, ambaye aliahidi kumsubiri Kaka getini. Breki alilitazama sanduku, akalirudisha mkokotenini bila mzaha wowote, na hilo peke yake lilitosha kumjulisha Redio ukubwa wa jambo.

Ule mteremko sasa ulikuwa mlima. Milango ilikuwa bado wazi.

"Vipi, mhandisi," kinyozi aliita, "umeshahitimu? Masomo ya siku hizi mafupi kweli."

Kaka aliinamisha kichwa. Mama alisimama, akamgeukia binti yake.

"Jibu wewe," alisema, si kwa ukali. "Wewe ndiye Redio."

Redio alisema. Aliisema habari yake mlangoni kwa kinyozi, akaisema kwa yule mama wa sketi, akaisema kwa muuza mkaa ambaye alikuwa mzito wa masikio, kwa hiyo ilibidi aiseme mara mbili, ya pili kwa sauti. "Sikuweza kusoma ukurasa wa tatu. Nikadanganya kuwa ni salamu. Kaka amekosa nafasi." Masikio yalimwaka. Alifikiri watu watamcheka. Hawakucheka. Walimtazama Kaka, wakatikisa vichwa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Walipofika kibandani, Mama alimwonyesha meza ya kupigia pasi. Redio alipanda, kama siku zote, ila leo hakuwa na cha kusoma.

"Watu wanakuletea barua, mimi nakaa hapa," Mama alisema. "Wakiniuliza lugha ile, mimi huwaambia nini?"

"Unawaambia hujui."

"Mara ngapi umenisikia nikisema sijui?"

"Nyingi, Mama."

"Umewahi kunidharau?"

"Hapana."

"Wateja wamenikimbia?"

"Hapana."

"Nimepungua nini?"

Redio aliinama. Machozi yalidondoka juu ya blanketi la kupigia pasi, na Mama aliyaacha yadondoke.

"Ungeniambia siku ile hujui, tungempelekea mwalimu wako, jambo la dakika tano. Mwanangu, kutojua si kosa. Wewe una miaka kumi na miwili, utajulia wapi maneno ya chuo kikuu? Kosa ni kukificha usichokijua, halafu mwenzako akajitwika mzigo akalifuata neno lako. Mtu akikuamini kwa macho yako, mwambie ulichokiona, na mwambie usichokiona. Sasa shuka. Nenda na kaka yako kwa mkuu wa shule yake ya zamani, na utakayeeleza ni wewe."

Alikwenda, akaeleza. Muhuri ukagongwa.

Siku tatu Kaka alizungumza naye maneno ya lazima tu: nipe maji, funga mlango. Jumanne asubuhi, sanduku likiwa tayari mlangoni, alimwita, akampa barua.

"Nisomee. Kurasa zote tatu."

Alisoma. Alipofika kwenye jedwali sauti ilimpungua, akasimama. "Neno hili silijui."

Kaka aliinama, akalitazama kwa muda. "Hata mimi silijui," alisema. Akatoa penseli, akalipigia mstari. "Nikifika nitaliuliza, nitakuandikia." Kisha akambebesha mfuko wa bluu, na wakateremka nyuma ya Breki.

Kaka alisoma ule mwaka wa lugha, kisha minne ya uhandisi. Alimaliza mwaka mmoja baada ya wale aliotakiwa kuanza nao. Anafanya kazi katika mamlaka ya maji ya mji mmoja wa huko, na anakuja nyumbani kila Desemba. Neno alilolipigia mstari alilitafsiri katika barua yake ya kwanza. Lilikuwa na maana ya masomo ya maandalizi. Dada mwenye miwani ni muuguzi wa watoto. Breki alipata mkokoteni mpya wenye breki, lakini jina halikubadilika. Kinyozi alihamia mtaa wa pili. Mama bado anashona; macho yamepungua, na Redio ndiye humtungia uzi. Redio yuko sekondari. Watu bado wanamletea karatasi zao, naye hukaa juu ya ile meza na penseli mkononi, na kila asilolijua hulipigia mstari mbele yao. Mfuko wa bluu unaning'inia kwenye msumari kibandani, bitana wazi, kama ulivyofumuliwa siku ile. Mama hakuushona tena.