Taa Iliyowaka Kijani Kila Siku

"Wiki sita, Mwalimu. Wiki sita unawasimulia mambo ya mbuzi—"

"Mkuu, mbuzi ndiye anayebeba maneno, ukinipa nafasi—"

"Nafasi nimekupa, umeniletea sifuri. Darasa la jirani wamefika ukurasa wa arobaini."

"Kufika ukurasa si kuelewa, Mkuu."

"Na sifuri nayo ni kuelewa?"

Nje ya mlango wa ofisi, msichana wa miaka kumi na miwili alisimama na rundo la madaftari lililomfika kidevuni. Ametumwa kuyaleta, lakini miguu imeota mizizi. Ndani, mwalimu mkuu na mwalimu wa lugha ya kigeni wanakatizana kama majogoo wawili waliofungiwa tenga moja.

"Ijumaa nakuja kukaa nyuma ya darasa," Mkuu akasema. "Nikikuta hali ni ileile, hadithi basi. Watoto wanarudi kwa Bwana Orodha."

Bwana Orodha ndiye aliyewafundisha mwaka uliopita. Maneno hamsini kwa siku, kukariri, na ikifika saa ya kula yote yameshayeyuka. Msichana mwenyewe alijua aliyeziua hadithi ni nani. Ni yeye.

Darasani walimwita Taa. Mwalimu wa hadithi aliandika ubaoni maneno matatu tu, na maana yake pembeni, kisha akaanza kisa cha mbuzi anayekula viatu vya mguu wa kushoto. Akauliza kwa lugha ileile ya kigeni: mbuzi alikula kiatu cha kulia? Hapana. Cha kushoto? Ndiyo. Aliyekula ni mbuzi au polisi? Wakazunguka hivyo hivyo, mpaka neno likaingia kichwani bila kubisha hodi. Na kabla ya kusonga mbele, alimtazama mtu mmoja.

"Taa inasemaje?"

Kiganja wazi, taa ya kijani, twende. Ngumi, taa nyekundu, turudi nyuma.

Alimchagua yeye kwa sababu alikuwa mzito kuliko wote kushika, na mzito akishashika, hakuna aliyebaki njiani. Mwalimu aliona amempa heshima. Darasa liliona limepewa kichekesho. Siku ya tatu tu Redio, jirani yake wa dawati, ambaye mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia, akamnong'oneza, "We Taa, ukikunja tena hiyo ngumi tutazeeka humu ndani."

Wa dawati la nyuma wakacheka. Tangu siku hiyo taa ikawaka kijani tu. Mwalimu akaamini, akaongeza mwendo, akaongeza maneno. Darasa zima likawa linatikisa vichwa kukubali, kama mijusi ukutani, kila mmoja akidhani amepotea peke yake.

Jaribio lilipokuja, waliambiwa waeleze kisa kwa maneno yao. Wanafunzi arobaini na mmoja wakaandika visa arobaini na kimoja. Redio alimwoza mbuzi kwa fundi viatu. Mwingine alimfunga jela. Taa alimuua mbuzi mstari wa pili, ili asilazimike kuandika wa tatu.

Jioni ya siku ile aliyowasikia ofisini, mama yake, fundi cherehani, alikuwa anapinda mikono ya shati.

"Umemeza nini leo, mbona kimya?"

Taa akamwaga yote. Mama akaacha kukanyaga cherehani.

"Mwalimu anajua?"

"Hajui."

"Basi umekata kitambaa kabla ya kupima, mama yangu. Na kilichokatwa hakirudi."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nikiharibu, mwenye kitambaa akija namwambia nimeharibu mimi. Wapo wanaosamehe, wapo wasiorudi tena. Ila kitambaa chenyewe hakiponi." Akamsogezea kopo la vifungo. "Nitengee vyeupe."

Taa alitaka kubembelezwa. Akaambulia vifungo.

Ijumaa Mkuu akaingia, akaketi nyuma, miguu yake mirefu ikagoma kuingia chini ya dawati la kitoto. Mwalimu akaanza, sauti imenyauka kama ya mtu anayeaga. Mbuzi akafika mlangoni kwa fundi viatu.

"Taa inasemaje?"

Redio akamsukuma kwa kiwiko. "Kijani, shoga. Mkuu anatuona."

Mkono ukapanda. Ukawa ngumi.

Mwalimu akarudi nyuma, akauliza upya. Ngumi. Akachora mlango ubaoni. Ngumi bado. Huko nyuma kalamu ya Mkuu ikasikika ikikwaruza karatasi.

"Umetumaliza," Redio akanong'ona.

Taa akasimama. "Mwalimu, mimi sielewi tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa nakuonyesha kiganja kwa sababu wananicheka. Ulienda mbio kwa sababu yangu. Kosa si la hadithi."

Hakuna aliyecheka. Msichana wa dirishani akainua ngumi. Kisha mmoja wa nyuma yake. Redio akaangalia kulia, akaangalia kushoto, naye akainua, taratibu, kama mtu anayekiri kuiba sukari. Mwishowe zilikuwa ngumi arobaini na moja, na Mkuu anaziona zote.

Mwalimu akakaa juu ya meza yake.

"Mtu akiniambia sielewi, amenipa kazi ya kufanya," akasema. "Akinidanganya kwamba ameelewa, amenifungia mlango, na amewafungia wenzake walioogopa kama yeye. Kutoelewa si aibu, ndiko kunakotuleta shuleni. Aibu ni kuficha kwamba hujaelewa. Na wewe uliyemcheka mwenzako hujatoka salama, umejicheka mwenyewe." Akavuta pumzi. "Na mimi nimekosa. Niliridhika na kiganja kimoja, wakati sura arobaini zilikuwa mbele yangu. Sasa mmesema kweli. Ila tumechelewa."

Akachukua kifutio, akaanza kufuta ubao. Akaanza na mlango. Taa akainama, machozi yakidondokea daftari. Kitambaa kimeshakatwa.

Dawati la nyuma likalia. Mkuu alikuwa anajichomoa, goti moja baada ya jingine. Akaja mbele na karatasi yake mkononi, akaitazama, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni.

"Usifute, Mwalimu," akasema. Akakohoa. "Nimetikisa kichwa nusu saa nzima huko nyuma, na huyo mbuzi sijui hata ni wa nani. Jumatatu naomba uanze tena mwanzo. Na mimi mniwekee kiti hapa mbele, karibu na huyu binti."