Inchi Sita za Bwana Harusi

Duka la vyakula vya mifugo halina adabu Jumamosi asubuhi. Watu wa kuku wanasukumana na watu wa ng'ombe, vumbi la pumba linaingia hadi kwenye kope, na muuzaji anajibu wateja watatu kwa mpigo. Siku hiyo katikati ya foleni alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri mno, maana alilishona mwenyewe. Tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Alikuwa ametoka mbio kwenye kibanda chake cha ushonaji, akasahau kuivua.

"Nipe gunia zima la pumba," akasema, "na debe moja la mahindi ya kuparaza."

"Una kuku wangapi?"

"Farasi mmoja."

Foleni nzima ikacheka, isipokuwa kaka mmoja nyuma yake, mwenye shati jeupe lililopauka na buti za mpira.

"Samahani, dada. Huyo farasi amekonda?"

"Mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara."

"Basi ukimpa hilo gunia, kesho utatafuta wa kumzika. Tumbo lililozoea njaa halipokei shibe ya ghafla. Mimi ni daktari wa mifugo. Twende nimwone."

Fundi akamtazama juu hadi chini, akaona buti zina kinyesi cha ng'ombe, akamwamini.

Farasi alikuwa wa mjomba wake. Mjomba ndiye aliyemlea Fundi tangu ana miaka minne, kwa kazi ya kubeba maharusi kwa gari la farasi, na mtaa mzima ulimwita mnyama huyo Bwana Harusi. Miezi miwili nyuma Mjomba alipooza upande mmoja, akalazwa. Nyumbani kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayemlisha farasi, Fundi naye akiwemo. Hakuna aliyemlisha. Mlinzi wa karakana ya matofali, alikofungwa farasi, alimtupia maganda siku alizokumbuka. Na kila jioni Mjomba, aliyebakiwa na maneno machache, aliuliza moja tu: "Anakula?" Fundi alijibu kwamba anakula, akiamini hivyo, mpaka siku alipopita karakanani akamwona; jioni hiyo alijibu vilevile, kisha akatoka nje ya wodi kulia.

Daktari alipomwona farasi alivua kofia. Manyoya yalikuwa yamebabuka, kwato zimerefuka na kupinda, macho yametopea ndani.

"Majani makavu, fungu dogo, kila baada ya saa nne," akasema. "Pumba asionje. Ukimwonea huruma utamuua."

Ndivyo simu zilivyoanza.

"Umempa?"

"Nimempa, bosi."

"Na wewe umekula?"

"Mimi si mgonjwa wako."

"Bado sijakupima, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Kalale huko." Lakini alikata simu akiwa anatabasamu peke yake, na shati la mteja likashonwa mikono miwili ya kushoto.

Siku ya nane Daktari alipiga akiwa mbali, kwenye chanjo. "Kipenzi, minyoo inamnyonya, na dawa yake ni kali. Bila kujua uzito siwezi kumpa, na mzani wa farasi sina. Nipimie mzunguko wa kifua na urefu wa mwili, nitakadiria. Wewe si fundi?"

Fundi alipima, akaandika kwenye kipande cha boksi, pembeni ya vipimo vya makoti ya walinzi aliyokuwa akishona mwezi huo. Akamsomea: kifua inchi sitini na nne, urefu sitini na sita.

"Ananenepa haraka kuliko nilivyodhani," Daktari akasema, akafurahi. Jioni akaja, akampa dawa.

Asubuhi Bwana Harusi alikuwa chini, anatetemeka, jasho linamtiririka, denda limejaa mdomoni.

"Umempa nini?" Fundi akauliza.

"Kipimo cha uzito wake. Nilihesabu mara tatu."

"Basi hujui kuhesabu. Umemuua. Nitamwambia nini Mjomba? Niambie, nimwambie nini?" Wabeba matofali waliacha kazi wakatazama. "Ondoka. Usinipigie tena."

Daktari hakujitetea. Alimchoma farasi sindano, akaelekeza ageuzwe ubavu kila baada ya saa mbili ili mapafu yasijae maji, akaondoka na mkoba wake.

Kwa siku mbili Fundi alimgeuza farasi akisaidiwa na wabeba matofali, akamnywesha maji kwa kitambaa, akaenda kumdanganya Mjomba, akarudi. Mikono ilimchubuka. Alimchukia Daktari, na alimkumbuka kila baada ya saa nne. Moyo ulimuuma pande zote mbili.

Siku ya tatu mlinzi mmoja alikuja kupimwa koti. Alikuwa mtu wa kuchunguza.

"Fundi, tepu imesema arobaini. Mbona umeandika arobaini na sita?"

"Nafasi ya kupumulia, kaka. Koti linavaliwa juu ya sweta, huwa naongeza inchi sita kila kipimo kabla ya kuandi..."

Kalamu ikamponyoka. Alivuta kipande kile cha boksi. Namba mbili za farasi zilikuwa palepale, kwenye safu ya makoti, kwa mwandiko wake. Mkono ulikuwa umeongeza wenyewe, kwa mazoea. Alikaa chini kwenye vipande vya vitambaa na kupiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga mara ya tano ndipo ikapokelewa.

"Usikate," akasema. "Ni mimi. Nilikupa vipimo vya koti. Niliongeza inchi sita kifuani na sita kwenye urefu. Ulihesabu sawasawa. Mimi ndiye niliyemzidishia dawa, halafu nikakuvua nguo mbele za watu."

Kisha Daktari akasema taratibu, "Nimeshawaambia ofisini wasinipe mnyama wa kutibu. Nimebaki na chanjo za kuku tu. Silali."

"Nisamehe."

"Bado anapumua?"

"Anapumua."

"Nakuja."

Alikuja na turubai, kamba na dripu. Wabeba matofali sita walipitisha turubai chini ya tumbo, kamba zikarushwa juu ya boriti ya paa la karakana, wakavuta. Mara mbili Bwana Harusi aliporomoka. Mara ya tatu miguu ilikaza. Kamba zikalegezwa, Fundi akamwegemea upande huu, Daktari upande ule, farasi katikati akitetemeka mwili mzima.

"Usiachie," Daktari akasema. Fundi hakumwona uso, aliona buti tu chini ya tumbo la farasi.

"Siachii. Unalia?"

"Vumbi la matofali."

"Nilikutukana mbele za watu. Nitakuomba radhi mbele ya haohao."

Wabeba matofali wakajifanya wanakunja kamba.

"Niombe ukiwa mke wangu," Daktari akasema.

"Unaniuliza sasa hivi, mikono yangu ikiwa imenasa?"

"Ndiyo nafasi yangu. Huwezi kunifukuza."

Fundi aliegemeza paji la uso kwenye mbavu zile. Moyo wa farasi ulipiga ovyo. "Na akifa?"

"Tutaenda kwa Mjomba pamoja, tutamwambia. Swali langu litabaki lilelile."

"Hata akipona nitamwambia. Nimechoka kumdanganya."

"Tutamwambia."

"Basi ndiyo," akasema, na sasa yeye ndiye aliyelia, wazi kabisa, bila kusingizia vumbi. "Ndiyo, laazizi."

Walikaa hivyo mpaka mikono ikafa ganzi.

"Hatuwezi kumshikilia milele," Daktari akasema. "Tuachie kwa pamoja. Nihesabu mpaka tatu?"

"Acha nihesabu mimi. Moja."

Alipofika mbili alipapasa kwanza mbavu zile, na hakuna aliyemhimiza. Kisha akasema tatu, wakarudi nyuma wote wawili. Bwana Harusi aliyumba kushoto, akayumba kulia, akatanua miguu, akabaki juu.