Mweka Hazina wa Mabwerebwere

Treni ya kutoka Dar es Salaam iliingia Kilosa ikiwa imechelewa, na kama kawaida stesheni nzima ilijifanya imeshangaa. Ilikuwa miaka ile ya Mwingereza bei ya mkonge ilipopanda, na marobota ya katani yalijaa jukwaani hadi watu wakawa wanapita upandeupande. Kwenye dirisha la vifurushi alisimama Perpetua, gauni la buluu, kitambaa cheupe kichwani, akibishana na karani juu ya gharama ya jora la kitambaa lililoagizwa na chama cha akina mama wa kanisa.

"Dada huyu yuko sawa," ilisema sauti nyuma yake. "Umemtoza mara mbili. Angalia hapo juu."

Perpetua aligeuka. Akaona kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikapigika, soksi ndefu, na kofia ya pama mkononi.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi."

Karani alirudisha shilingi mbili. Perpetua akajitwika jora lake na kuondoka bila kusema asante, na njia nzima hadi mtaani kwake Mabwerebwere akajilaumu, maana wazazi wake kule milimani hawakumlea hivyo.

Jumapili iliyofuata Padri Damiano wa kanisa lao la Kianglikana alimsimamisha yule mtu wa stesheni mbele ya waumini. Aliitwa Lupakisyo. Baba yake alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge Kimamba. Yeye akasoma, akawa karani wa shamba, kisha akaiacha kazi ambayo wenzake wangeing'ang'ania kwa meno. Aliona mashamba yana makarani chungu nzima, ilhali makanisa na vyama vya watu vinaweka fedha kwenye makopo na kumbukumbu kichwani. Akaanza kuzunguka akiwatengenezea hesabu: Waanglikana, Wakatoliki, chama cha kuzikana cha Waislamu, klabu ya mpira, na kikanisa kimoja huko Mikumi. Walimlipa walichokuwa nacho. Wengine walimlipa kuku.

Perpetua ndiye aliyekuwa mweka hazina wa akina mama, kwa hiyo kila Jumamosi Lupakisyo alifika barazani kwake, penye cherehani ambayo ndiyo iliyomlisha. Alikuwa na mwiko mmoja: hakunywa chai kwa mtu anayemkagua. Perpetua alimkaribisha kila mara, naye kila mara alikataa kwa adabu.

"Shilingi tatu za sindano?" aliuliza siku moja.

"Sindano huvunjika, Bwana Hesabu."

"Zote hizi?"

"Keti hapa ushone kitambaa kigumu cha marekani wewe, tuone utavunja ngapi."

Akainama juu ya daftari akitabasamu, akidhani haonekani.

Perpetua alimpenda, hakuna haja ya kuzunguka. Kufikia masika alikuwa akivaa gauni lake la kola ya lesi kila Jumamosi na kuwaambia majirani kwamba mengine yako kwenye maji. Kisha ikaja Jumamosi moja Lupakisyo akakubali chai. Alikunywa vikombe viwili, akasema ina tangawizi nzuri, akaaga. Perpetua alishinda siku nzima akishona mikono ya gauni la mtu mahali pa shingo.

Jumatatu Lupakisyo alimwendea Padri Damiano, akamwambia kwamba hatashika tena hesabu za akina mama. Padri akauliza kwa nini. Akajibu kwamba sababu anayo ila kwa sasa hawezi kuitaja, akapanda lori la Mikumi.

Mtu wa hesabu akiacha hesabu ghafla na kukataa kusema sababu, mji huisema kwa niaba yake. Kabla ya wiki kwisha, Mama Magreti, mwenyekiti wa chama, alifika kwa Perpetua na wenzake wawili kuomba ufunguo wa sanduku la fedha za chama.

"Si kwamba tunakushuku, mwanangu," alisema akitazama cherehani. "Ni utaratibu tu."

Wakaondoka na sanduku pia. Baada ya hapo wanawake wakaanza kuja mmoja mmoja kudai vitambaa vyao, hata vile vilivyokwisha kukatwa. Hakuna aliyetamka neno wizi. Perpetua alibaki na cherehani isiyo na kazi na jina ambalo watu walilitaja kwa sauti ya chini, na hilo la jina ndilo lililomuuma zaidi. Akapanda lori.

Alimkuta Mikumi kwenye ukumbi wa kile kikanisa, akiwa na mzee wa kanisa na rundo la stakabadhi. Perpetua alimwamkia mzee shikamoo, naye mzee alipoitikia na kumwona alivyosimama, akakumbuka kwamba ana mbuzi wa kuangalia.

"Niambie nilichoiba," Perpetua alisema.

"Hukuiba kitu."

"Mbona Kilosa nzima inajua nimeiba?"

Lupakisyo hakuwa na habari. Akamweleza kwa mpangilio, kama mtu anayesoma taarifa ya mwaka. Kwao binti hatajwi mbele ya watu kabla ya washenga kwenda. Alikuwa amempelekea ujumbe mjomba wake aje kuwa mshenga. Lakini mkaguzi hawezi kukagua sanduku la mtu anayetaka kumwoa, kwa hiyo ilibidi aanze kwa kuacha kazi, mjomba afuate, ndipo mambo yasemwe. Alionekana hata kujivunia mpango wake.

Perpetua hakujua acheke au amzabe kibao.

"Yaani umenivua nguo hadharani ili unioe kwa heshima."

"Narudi leo hii. Nitawaambia hesabu zako ni safi."

"Utawaambia kama nani?"

Sheria ilikuwa ya Lupakisyo mwenyewe. Tangu alipotaka kumwoa, neno lake juu ya sanduku lile halikuwa na thamani yoyote.

Perpetua alirudi peke yake, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mwinshehe, katibu wa chama cha kuzikana, mtu aliyejulikana kwa kugombania senti tano na ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwapendelea Waanglikana. Mzee alikubali kwa sharti kwamba akina mama wote wawepo.

Wakakusanyika katika darasa la kanisa. Mzee Mwinshehe, kanzu na kofia ya viua, alikaa na madaftari yale tangu adhuhuri hadi jua likapungua makali. Perpetua alikaa mbele yake, mikono mapajani, akiwaza kosa likionekana atakwenda kuishi wapi.

"Hesabu zimekaa sawa," mzee alisema hatimaye. "Nimetafuta kosa kwa nia mbaya kabisa. Sikuliona."

Mama Magreti alirudisha ufunguo kwa mikono miwili huku analia. Perpetua aliupokea, akajikaza asilie naye.

Hapo ndipo Lupakisyo alipotokea mlangoni, vumbi la njia hadi kwenye nyusi. Akaomba ruhusa. Akawaambia akina mama kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba aliacha kazi kwa sababu anataka kumposa mweka hazina wao, na kwamba kimya chake kilikuwa upumbavu. Vigelegele vilianza kupanda. Perpetua akainua mkono.

"Bwana Lupakisyo, kikao hakijafungwa. Subiri nje."

Akasubiri. Ndani walizungumzia bei ya sabuni, wakazungumzia jamvi la madhabahuni, na Mama Magreti akafunga kwa sala ndefu kuliko zote alizowahi kusali. Mwishowe Perpetua alitoka na sanduku kwapani.

"Ulimwambia Padri una sababu," alisema. "Ukamwambia mjomba wako. Leo umewaambia akina mama wote. Mimi hujaniambia."

"Nilikwambia Mikumi."

"Mikumi ulinieleza utaratibu."

Akina mama walikuwa wamejazana dirishani. Lupakisyo aliwaona, na safari hii hakujali.

"Nakupenda, Perpetua. Nilitafuta mtu wa kukwambia badala yangu kwa sababu nilikuwa naogopa."

Machozi ambayo Perpetua aliyazuia mchana kutwa yakamtoka, naye akayaacha.

"Mjomba wako aje," alisema. "Baba atamkatalia mara ya kwanza, ndiyo desturi yetu. Mwambie asiondoke."